Kitambaa cha maji: funzo la Wajaini kwenye kijito cha Kolwezi

Kolwezi. – Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, mama mmoja wa watoto wanne anashuka kwenye kijito kilicho nyuma ya nyumba za familia zilizohamishwa, pembeni mwa mji. Anabeba bidoni mbili za njano, ndoo moja na kitambaa cheupe cha pamba. Anakunja kitambaa mara nne, anakifunga kwenye mdomo wa ndoo, anamimina maji polepole. Ndoo ikijaa, hakikung'uti kitambaa ovyo. Anakigeuza na kukisuuza kwa maji yaleyale, na kile kilichobaki juu yake kinarudi kijitoni kilikotoka.

Miezi ya kwanza majirani walimtazama kwa jicho la mashaka. Kuchuja maji, hilo kila mama analielewa. Lakini kurudisha mabaki mtoni kwa uangalifu, kama mtu anayemlaza mtoto, hilo liliwashinda. Mmoja alimuuliza waziwazi kama anafanya dawa. Yeye alicheka tu.

"Hapana, yaya. Ni kazi nilifundishwa na kambo mumoja Muhindi."

Mama huyu ni mkimbizi wa mara mbili. Mwaka 2005 alikimbia mapigano ya kaskazini mwa Katanga, akapita Kalemie, akavuka Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, na mwishowe akafika Nairobi. Alikaa huko miaka tisa. Aliporudi, alimfuata dada yake Kolwezi, akapata kiwanja kidogo, akajenga. Halafu mgodi ukapanuka, nyumba ikahesabiwa kati ya zile za kubomolewa, na familia ikapelekwa mahali ilipo leo. Foraje waliyoahidiwa ilifanya kazi kwa muda, kisha pampu ikaharibika. Ndiyo maana wengi wamerudia kijito.

Kule Nairobi alifanya kazi ya nyumbani Parklands, kwa bibi mzee wa Kigujarati ambaye wote walimwita Ba, yaani mama. Siku ya kwanza Ba hakumwonyesha vyombo wala nguo za kufua. Alimpeleka kwenye bomba. Kitambaa kilikuwa kimefungwa kwenye mdomo wake.

"Hii usitoe," Ba alimwambia kwa Kiswahili chake. "Ndani ya maji iko watu wadogo."

Yeye alifikiri bibi ameanza kuchanganyikiwa kwa uzee. Ilimchukua mwaka mzima kuelewa.

Ba alikuwa Mjaini. Dini hiyo ni ya kale sana huko India. Wajaini wanawaheshimu walimu wakuu 24, na wa mwisho, Mahavira, aliishi zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Si watu wengi: hesabu ya watu ya India ya mwaka 2011 iliwakuta takriban milioni 4 na nusu tu. Lakini Afrika Mashariki inawafahamu. Waoshwali kutoka vijiji vya Jamnagar, katika Gujarat, walianza kufika Kenya mwishoni mwa karne ya 19. Wakafungua maduka, baadaye viwanda na shule. Mombasa wana hekalu la marumaru nyeupe lililojengwa mwaka 1963, na wapita njia wengi wa Mji wa Kale wanaliona bila kujua ni la nani.

Neno lao kubwa ni ahimsa: kutodhuru. Wanasema kila kilicho hai kina roho, na roho ya mdogo haina thamani ndogo kuliko ya mkubwa. Wanavipanga viumbe kwa milango ya fahamu. Mwanadamu, ng'ombe na samaki wana mitano. Nzi ana minne, chungu mitatu, mnyoo miwili. Chini kabisa kuna viumbe vyenye mlango mmoja tu, wa kuhisi mguso: mimea, na vile ambavyo mwili wake ni udongo, moto, hewa au maji.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wageni wengi hawalishiki haraka. Kwa Mjaini, si kwamba ndani ya maji mna vidudu tu. Maji yenyewe ni miili ya viumbe hai. Vidudu vinavyoogelea ni hesabu nyingine juu ya hiyo. Kwa hiyo anayefungua bomba likamwagika bure hapotezi mali tu. Anaua pasipo sababu.

Mafundisho hayo yalikuwapo kabla mtu yeyote hajawa na chombo cha kuonea vitu vidogo. Ni mwaka 1674 ndipo Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alipotia tone la maji ya ziwa chini ya kioo chake na kuona viumbe vikitembea. Alichokiona si kilekile Wajaini wanachokisema, maana wao wanazungumzia roho na yeye alizungumzia macho. Lakini wote wawili walikubaliana juu ya jambo moja: maji yanayoonekana matupu si matupu.

Nyumba ya Ba ilikuwa na masharti mengi. Chakula cha jioni kililiwa kabla jua kuzama, ili mdudu anayefuata taa asianguke kwenye sufuria. Vitunguu, vitunguu saumu na viazi havikuingia jikoni, kwa sababu ukivuta mzizi umeua mmea mzima pamoja na vilivyokaa nao udongoni. Muhogo pia ni mzizi. Mama huyu alimwambia Ba kwamba kwao Katanga watu wangekufa njaa kwa sharti hilo. Ba alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akasema kila mtu anaanza na kile anachoweza.

Maji ya kunywa yalichujwa, kisha yakachemshwa. Hapo mama alidhani amemkamata bibi.

"Ba, unawaonea huruma, halafu unawapika?"

Ba hakukasirika. Alieleza kwamba maji yaliyokaa bila kuchemshwa huendelea kuzaa na kufisha saa baada ya saa. Ukichemsha umeua mara moja, umejua umeua, na kwa muda fulani hutaua tena. Hakusema kwamba mikono yake ni safi. Alisema anapunguza.

Na mara moja kwa mwaka, mwezi wa nane au wa tisa, baada ya siku nane za kufunga na sala, Ba alifanya jambo ambalo mama huyu hajalisahau. Alimwita jikoni, akaunganisha viganja vyake, akamwomba msamaha kwa kosa lolote alilomtendea mwaka ule, kwa kujua au kwa kutojua. Ni desturi ya Wajaini: wanaomba msamaha kwa ndugu, majirani, wafanyakazi, na kwa kila kiumbe hai, vya maji vikiwamo. Mkimbizi ambaye alikuwa amefukuzwa na watu wenye bunduki, na hakuna hata mmoja wao aliyemwomba samahani, alisimama pale na kitambaa cha vyombo mkononi, hakujua aseme nini.

Hayo yote ni Nairobi. Kolwezi ni jambo lingine.

Wajaini wana orodha ya kazi 15 ambazo muumini wa kawaida anashauriwa aziepuke kwa sababu zinaumiza viumbe wengi mno. Hemachandra, mwanazuoni wa Gujarat wa karne ya 12, ni mmoja wa walioziandika. Miongoni mwake ni kuchoma makala, kukata misitu, kuchimba ardhi, kuuza sumu, na kukausha maziwa na mabwawa. Mkazi yeyote wa Kolwezi akisikia orodha hiyo atainua kichwa. Huku makala ndiyo yanayopika bukari. Uchimbaji ndio unaolipa karo ya watoto, tangu enzi za wakoloni mpaka leo. Mwaka 2014 Kasulo watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, wakachimba mpaka ndani ya vyumba vya kulala. Ukimwambia mtu wa hapa aache kazi zote zilizokatazwa katika orodha ile, umemwambia ahame tena.

Je, basi ni dini ya matajiri, ya watu wenye nafasi ya kuchagua? Swali hilo lina haki yake. Wafanyabiashara wengi wa almasi wa Antwerp na Mumbai ni Wajaini. Hawachimbi, lakini almasi haioti mtini, na familia zilizotoka Kasai zinajua inatoka wapi na kwa jasho la nani.

Ila mafundisho ya Wajaini yenyewe yamekwisha kuuziba mlango huo wa kukimbilia. Yanasema dhara hutendwa kwa njia tatu: kulifanya mwenyewe, kumfanyisha mwingine, na kulikubali likifanywa. Wote watatu wana sehemu yao. Ukipima kobalti kwa kipimo hicho, mzigo haumwangukii kijana wa shimoni peke yake. Unamfikia anayenunua gunia kando ya barabara, anayepeleka lori Kasumbalesa, mwenye kiwanda, na mwenye simu mfukoni, awe Shanghai, Paris au hapahapa Kolwezi.

Mama huyu hakuwa na haya yote kichwani alipoanza kuchuja maji ya kijito. Alikuwa na mazoea ya mikono tu. Lakini wiki ya tatu aligundua kitu.

Nairobi, wakati wa mvua, tangi la nyumba lilipojazwa maji ya kisima, kitambaa kilibaki na vitu vidogo vikijikunja: viluwiluwi vya mbu, vidudu kama nukta. Ba alivaa miwani, akavitazama kama mtu anayehesabu wajukuu, kisha akaagiza virudishwe kisimani. Kwenye kijito cha Kolwezi kitambaa kilibaki na tope jembamba la rangi ya kijani iliyofifia. Hakuna kilichotikisika. Siku ya pili vilevile. Mwezi mzima vilevile.

Aliwauliza wazee waliokuwa wenyeji wa eneo hilo kabla ya wote. Walimwambia kwamba zamani watoto walishika kaa chini ya mawe ya kijito kilekile, vyura walipiga kelele usiku, na samaki wadogo walipatikana kwa kikapu. Leo samaki anayeliwa mtaani ni tomsoni wa sanduku, aliyegandishwa, aliyesafiri kutoka baharini.

Chemchemi safi inayotoka mwambani inaweza nayo kuacha kitambaa kitupu. Kitambaa hakipimi sumu. Lakini kijito kilichokuwa na kaa, kikawa hakina, kimesema jambo.

Wala si kijito hicho peke yake. Musonoi na Luilu, mito inayopita kati ya migodi na kumwaga maji yake Lualaba, imebeba mabaki ya shaba na kobalti kwa miaka mingi. Huko Kapata, kwenye ziwa Malo, wanawake na watoto wameonekana wakiosha madini kwa mikono wakiwa wamezama majini. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba wakazi wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi katika mkojo na damu kuliko watu wa mtaa wa karibu usiochimbwa, na watoto ndio waliozidi. Na tarehe 18 Februari 2025, ng'ambo ya mpaka, huko Chambishi nchini Zambia, bwawa la mabaki ya mgodi lilipasuka. Maji ya asidi yakaingia mtoni, yakafika Kafue, samaki wakaelea, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba.

Mara zote hizo waliotangulia kufa ni wale ambao hakuna anayewahesabu. Desturi ya Ba inamlazimisha mtu awatazame kila asubuhi, na anayewatazama kila asubuhi atajua mapema siku wasipoonekana.

Ugomvi ulianzia nyumbani. Mtoto wa mdogo wake, kijana wa miaka 22, ni mchimbaji. Jioni alileta mawe kwenye beseni na kuyaosha kwenye kijito, hatua hamsini juu ya mahali akina mama wanapochota. Wenzake walifanya vivyo hivyo.

"Mwanangu, usioshe tena pale," mama alimwambia.

"Mama mukubwa, batu bote banaosha pale. Nikiacha mie peke yangu, maji itapona?"

"Haitapona."

"Sasa?"

"Sasa wewe hautakuwa ndani."

Kijana alinyamaza, halafu akasema jambo la kweli. Alisema kampuni zinamwaga kwa mabomba makubwa, usiku, na hakuna anayezikamata. Yeye na beseni lake ni nini? Na mawe yasiyooshwa mnunuzi anayakata bei. Tofauti hiyo ya bei ndiyo unga wa siku mbili.

Mama hakuwa na jibu la unga. Alikumbuka Ba na sufuria yake ya maji yanayochemka: kujua kwamba umeua, na kupunguza. Siku iliyofuata alichukua jembe, akachimba shimo mbali na kijito, upande ambao maji ya mvua hayashuki kwenye chemchemi. Akamwambia kijana: osha hapa, kwenye beseni, mwaga hapa, maji ya beseni nitakuchotea mimi. Kijana aliona aibu kumwona mama mukubwa akibeba ndoo kwa ajili ya mawe yake. Siku ya nne akaanza kuchota mwenyewe.

Shimo si dawa kamili. Maji ya madini yanaweza kunywea ardhini, na shimo linajaa. Vijana wengine wawili walijiunga, wa tatu akaacha baada ya wiki, akisema mgongo unamuuma. Wengi bado wanaosha kijitoni. Lakini akina mama saba walikwenda pamoja kwa chefu wa kartie, wakapeleka chupa mbili za maji, moja ya juu na moja ya chini, wakaomba mambo mawili: foraje itengenezwe, na maji yapimwe na watu wenye vyombo. Chefu aliandika barua. Jibu bado halijaja.

Kwa familia zinazosikiliza habari hii zikiwa na kitambaa mkononi, kuna jambo la kushika. Kuchuja kunasaidia. Huko Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliofanywa katika vijiji 65, ulionyesha kwamba kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara nne kulipunguza wagonjwa wa kipindupindu kwa karibu nusu, kwa sababu vijidudu vya ugonjwa huo vinapenda kujishika kwenye viumbe vidogo ambavyo kitambaa kinavikamata. Kwa kambi na mitaa ya waliohama, nusu si kidogo. Ila anayekunywa ni lazima bado achemshe au atie dawa ya klorini baada ya kuchuja. Na katika hali hiyo ya kipindupindu, kitambaa kisisuuzwe mahali wengine wanapochota.

Metali ni jambo lingine kabisa. Kobalti na shaba zikishayeyuka majini hazizuiwi na kitambaa, na moto hauziui. Maji yakipungua kwenye sufuria, metali inabaki ileile katika maji machache zaidi. Hakuna ujuzi wa jikoni unaoweza kuyasafisha. Dawa yake ni maji kutoka mahali pengine, na watu wa juu ya mto waache kumwaga.

Mama huyu hakuwa Mjaini na hatakuwa. Jumapili yuko kanisani, na bukari yake ni ya muhogo. Siku moja mtoto wake wa mwisho, wa miaka sita, alimuuliza kwa nini anaendelea kurudisha mabaki kijitoni wakati kwenye kitambaa hamna kitu.

"Siku watarudi," alijibu, "nisiwe nimesahau namna ya kufanya."

Mtoto alishika ncha ya pili ya kitambaa. Wakakigeuza pamoja, wakakisuuza, wakapanda na bidoni zao kuelekea nyumbani kabla jua halijawa kali.